Majuma 12 ya Kujifunza Kuchora Sura kwa Rangi za Mafuta, Kisumu

Nilijiunga na darasa hili la Jumamosi kwa sababu nilitaka kumchora nyanya yangu angali hai. Karo ilikuwa shilingi 18,000, bila rangi wala turubai, yaani kitambaa cha kuchorea.

Majuma manne ya kwanza mwalimu hakuturuhusu kugusa rangi yoyote ila nyeupe na amba, ile hudhurungi ya udongo ambayo hukauka upesi kwa sababu ya manganizi iliyomo. Tulijenga sura nzima kwa mwanga na kivuli tu. Nilinung'unika, hadi aliponiambia nifumbe macho nusu na kuitazama picha ya nyanya. Hapo nikaona kwamba tundu la jicho na kivuli cha pua ni giza moja lililoungana, wala si vitu viwili nilivyokuwa nikivichora mbalimbali.

Somo la ngozi ndilo lililonifaa kuliko yote. Nilikuwa nikiongeza nyeupe kila nilipotaka mwanga, na shavu la nyanya likapauka kana kwamba limepakwa jivu. Mwalimu alinionyesha kuwa ngozi nyeusi huakisi anga: mwanga uliokaa juu ya mfupa wa shavu lake, akiwa ameketi barazani, ulielekea buluu, ilhali kivuli cha chini ya kidevu kilikuwa na wekundu wa joto. Nilikwangua shavu lote kwa kisu cha rangi, nikaanza upya.

Tulifundishwa pia kwamba tabaka la chini lipunguzwe kwa tapentaini na la juu liongezwe mafuta ya kitani, kwa kuwa mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni polepole, na tabaka la juu likitangulia kukauka, picha hupasuka.

Lalamiko langu ni turubai walizotuuzia. Zilipakwa msingi, yaani lile tabaka la kwanza la kuziba kitambaa kabla ya kuchora, mwembamba mno, zikanyonya mafuta ya rangi, na nywele za nyanya zikabaki na mabaka yasiyong'aa. Ilinibidi kununua nyingine na kurudia kazi ya majuma matatu. Vilevile, madirisha yakifunguliwa ili harufu ya tapentaini itoke, wadudu wa ziwani huingia na kunata kwenye rangi mbichi. Waacheni hadi rangi ikauke, kisha muwapanguse kwa brashi laini.

Nitalipia awamu ya pili, ya kuchora mikono, lakini turubai nitaipaka msingi mwenyewe nyumbani.