Rookwood au Roseville, uchukue ipi?

Zote mbili za Ohio kule Marekani, zote vyombo vya udongo vya urembo, ila msizifananishe jamani. Rookwood ilianzishwa na mama mmoja, Maria Longworth Nichols, Cincinnati mwaka 1880, na vesi zao nyingi za zamani zilichorwa kwa mkono, msanii anaweka alama yake chini, hadi Mjapani Kataro Shirayamadani alikuwepo. Mi napenda chapa yao: 1886 walianza na herufi R na P zimepeana mgongo, 1887 wakaweka mwali mmoja wa moto, halafu kila mwaka unaongezwa mwingine mpaka 1900 ikafika 14, baada ya hapo namba za Kirumi, yaani ukigeuza chombo tu umri wake unaujua hata muuzaji akupige porojo.

Roseville ya 1890 ilikuja kuwa mambo ya kalibu, wingi na bei nafuu, maua yametuna juu ya udongo, ikafungwa 1954. Nzuri, sikatai, ila feki za Kichina zimejaa. Rookwood ilifilisika 1941 lakini leo tanuri zinawaka tena Cincinnati. Ningekuwa na hela? Rookwood, chap.