Nililipia gazeti la London, sasa hawataki kuniachia

Nina hasira, kwa hiyo atakayesoma apunguze chumvi mwenyewe.

Gazeti silitaji. Ni la London, la siku nyingi, aina ile inayokuonjesha aya mbili kisha inadai kadi. Nilijiunga mwaka jana, au mwaka juzi, kwa bei ya kuvutia wageni, maana nilichoka kuijua dunia kupitia jumbe za WhatsApp zilizosambazwa mara elfu. Kuingia ni kubonyeza tu. Kutoka? Kitufe hakuna. Unaambiwa upige simu London, saa zao za kazi.

Nikapiga, kwa kredi yangu. Muziki weee, hadi akaja kijana mmoja. Nikamwambia nataka kusitisha. Unapiga kutoka wapi? Mombasa. "Hiyo ni nchi gani?" Nikameza mate. Kisha akauliza: "Una hakika kadi hii ni yako?"

Wallahi, damu ilinipanda kichwani. Miezi yote wanavuta pesa, hakuna aliyeuliza kadi ni ya nani! Imekuwa ya kutiliwa shaka siku ninayotaka kuondoka. Nilipomjibu, akaanza kunipunguzia bei, nikikataa anashusha tena, kama mchuuzi wa Marikiti anayekufuata hadi ndani ya tuktuk. Mwishowe simu ikakatika. Mwezi uliofuata benki ikaniletea ujumbe: wamekata, tena bei kamili. Na ndio hao hao wanaoandika tahariri kali kuhusu kampuni zinazowabana wateja.

Nyota moja. Hata hiyo ni sadaka.

Ila kusoma magazeti ya nje kwenyewe sikujutii, na hapa najipinga. Meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez, Machi 2021, ya London niliyoyasoma yalilia bidhaa zilizochelewa. Ya India, The Hindu mojawapo, yakawaulizia mabaharia: 25, wote Wahindi, ndani ya meli ya Wajapani, inayoendeshwa na kampuni ya Taiwan, chini ya bendera ya Panama. Iliponasuliwa, Misri ikaizuia hadi Julai ikidai fidia. Sisi wa mji wa bandari, wenye ndugu baharini, tungeanza na nani kama si mabaharia? Gazeti moja lisingenionyesha hayo.

Na hilo lililoniudhi, niseme ukweli, makala zake ndefu za Jumamosi sijapata mfano wake. Basi nyota tatu. La, mbili. Nikikumbuka "kadi hii ni yako?" zinarudi moja.

Mwenye haja ya upana wa dunia aanze na Al Jazeera, hakuna anayemwomba kadi. The Guardian nalo linakuomba mchango, halikushiki shati.

Mimi nimeenda benki, nikawaomba wawazuie hao watu. Dada wa kaunta akanisikiliza kwa upole sana, akaniambia utaratibu ni kwamba kwanza niwapigie simu London.