Gari la kununua Afrika Kusini kwa safari ya kupanda hadi Dar au Nairobi: anza na namba ya injini

Malalamiko ya wanaonunua gari Afrika Kusini ili walipandishe hadi Afrika Mashariki yanafanana mno. Gari zima, tairi mpya, lakini limekwama kwa polisi hata kabla ya kufika Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe, kwa sababu namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini siyo iliyo kwenye kadi. Foo wili na keria kila mnunuzi anazikagua mwenyewe. Namba hii haitazamwi.

Chanzo kinajulikana. Injini ikifa, mwenye gari hufunga ya mtumba na kuendelea na safari zake. Kurekebisha rekodi kunadai risiti ya injini na kibali cha polisi, na kwa kuwa leseni ya kila mwaka hulipiwa bila boneti kufunguliwa, hakuna anayehangaika. Mzigo unamwangukia anayetaka kuvuka mpaka.

Basi omba kadi, ambayo kule ni cheti cha RC1, usome namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako. Bloku ifutwe kwa kitambaa chenye dizeli. Usitumie msasa wala brashi ya chuma: namba iliyokwaruzwa huonekana imechezewa, na gari la namba hiyo linaweza kushikiliwa. Zikitofautiana, muuzaji arekebishe rekodi kwanza, wewe ulipe baadaye. Angalia pia mwenye hati ni nani. Ikiwa ni benki, gari bado lina deni. Likiwa Code 3, lilijengwa upya baada ya kufutwa na bima, na kulikatia bima tena ni kazi.

Mgeni asiye na kitambulisho cha huko anahitaji namba ya TRN, inayomtambulisha kwenye rekodi za magari. Inaombwa kwa pasipoti, picha na uthibitisho wa makazi. Iombe kabla ya kuchagua gari, maana inaweza kuchukua wiki kadhaa, wakati cheti cha ubora wa gari kinaishi siku 60 na umiliki unatakiwa uhamishwe ndani ya siku 21. Halafu kibali cha polisi cha kuvuka mpaka, stika ya ZA ya kuonyesha gari ni la Afrika Kusini, na kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka ambayo inakubalika Zimbabwe, Zambia, Malawi, Tanzania na Kenya. Botswana na Msumbiji haifanyi kazi.

Kuhusu gari la kuchagua: ya kwanza kwangu, bila kusita, ni Land Cruiser 76 au 78 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2. Haina turbo, pampu yake ni ya mitambo, kwa hiyo dizeli chafu haiitishi, na fundi wa Lusaka au Mbeya anaifungua kwa mazoea. Mlimani ni nzito. Mkanda wa taiming ubadilishwe kila kilomita 100,000. Pasipo risiti, badilisha kabla ya kuondoka.

Ya pili, Hilux 2.7 ya petroli: inakunywa mafuta, lakini inatumia cheni badala ya mkanda, na haina nozeli za gharama za dizeli.

Ya tatu, Hilux na Fortuner za dizeli, 3.0 D-4D. Sili za nozeli zikivuja, moshi huingia kwenye oili, masizi huziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na injini inakauka ikiwa barabarani. Sampu ifunguliwe kabla hujatoa pesa.

Defender Td5 huvujisha oili kupitia nyaya za nozeli hadi kwenye kompyuta ya injini. Mimi siichukui.

Magari madogo ya saluni ya bei ndogo yatafika kwa lami, basi.

Kinachokera ni wauzaji wa magari "tayari kwa safari". Hema la juu, friji na tangi la ziada vinapandisha bei kuliko thamani yake, na kumbe vimefungwa juu ya springi zilezile za kiwandani, zilizokwisha lala. Nunua gari tupu, weka springi nzito, halafu hema. Na madalali wanaotoza wageni pesa nyingi kujaza fomu ya TRN wanauza kazi ambayo mtu mwenye pasipoti mkononi anaifanya mwenyewe dirishani.

Kwa wanaotaka kubaki na gari nyumbani: Kenya haisajili gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. 1HZ ya 2008 itaingia kwa kibali cha muda, na kibali kikiisha itatoka.