TAHADHARI: Anayeuza lida za "fluorokaboni tupu, zimefungwa kwa mkono" ni tapeli

Wadau, naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi kwa lugha. Yule muuzaji anayejiita fundi wa lida (mshipi mwembamba unaounganisha mshipi mkuu na inzi wa bandia mwenye ndoano), anayetuma video kwenye simu na kuapa kwamba kila lida anaifunga mwenyewe kwa fluorokaboni (plastiki nzito kuliko nailoni) kuanzia kitako, upande mnene, hadi tipeti, ncha nyembamba anakofungwa inzi, ni tapeli. Msidhani kwamba nimepata mzigo wenye kasoro tu. Hili ni jambo lililopangwa fundo kwa fundo, na kuna watu wengine humu tayari wanazungumza naye.

Mtaniuliza kwa nini nilinunua ilhali mnajua nafunga lida zangu mwenyewe. Roli zangu za mshipi wa nailoni ziliharibikia juani, mnajua, sirudii. Nailoni ikishaachwa juani imekwisha, na msimu haumsubiri mtu. Tena nilikuwa nataka lida za inzi wa kuzama, na hapo fluorokaboni ina sababu zake: uzito wake ni gramu 1.78 kwa sentimita ya ujazo, nailoni ni 1.14, kwa hiyo inashuka haraka. Hainywi maji, na mwanga unapopita ndani yake haupindi sana tofauti na unavyopinda majini, ndiyo maana samaki anaiona kwa shida kidogo. Mtu hatoi pesa ya ziada bure.

Sasa sikilizeni alivyoniingia.

Nilimwandikia swali moja tu, kama ana lida za 5X (namba ya unene wa tipeti) za futi 9. Mtu wa kubahatisha angejibu "zipo". Huyu akajibu kwa maswali. "Kaka, rodi yako namba ngapi? Inzi unaowatumia ni wa ukubwa gani? Mto una kasi au umetulia?" Nikamwambia rodi, yaani fimbo ya kuvulia, ni namba 5, inzi wa ndoano namba 16. Akasema: "Basi 5X ni sahihi, gawanya namba ya ndoano kwa 3 utaona." Ni kweli, ndivyo tunavyofanya wote. Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa, akasema kitako anaanzia milimita 0.53 ili kilingane na ncha ya mshipi mkuu, kila kipande kinachofuata anakipunguza kwa 0.05 wala hazidishi, kwa sababu ukizidisha fundo halishiki na lida inavunjika kiuno hewani. Akanitajia mpaka mgawanyo wa Charles Ritz, yule mwandishi wa uvuvi wa inzi, asilimia 60 kitako, 20 sehemu ya kupungua, 20 tipeti. Kwa lida ya mita 2.7 akanipigia hesabu papo hapo: mita 1.62, kisha sentimita 54, kisha 54 tena.

Niambieni, mtu anayeongea hivyo utamdhania vipi? Tapeli wa kawaida hajui hata X ni nini. Huyu aliniambia kwamba unatoa namba ya X kwenye 11 na unapata unene kwa elfu za inchi, yaani 5X ni elfu 6 za inchi, milimita 0.15. Yote sahihi! Hakukosea hata tarakimu moja. Ningekuwa mimi ndiye ninayemfundisha mtu, ningesema hayohayo.

Kisha ikaja video. Mikono miwili juu ya meza, kucha safi, taa nyeupe. Anazungusha mshipi mara tano upande huu, mara tano upande ule, anarudisha ncha katikati, analowesha kwa mate, anakaza taratibu. Kulowesha kabla ya kukaza ndiko kulikonimaliza, kwa sababu anayefanya hivyo anajua kwamba fundo likikazwa kavu linaungua kwa msuguano. Kisha anachukua mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, anabana kitako, inasoma 0.53. Picha inaruka kidogo. Anabana tipeti, inasoma 0.15. Nikatuma pesa usiku huohuo.

Mzigo ulifika ukiwa mzuri kuutazama, na hilo linaniuma hadi sasa. Kila lida imekunjwa mduara kwenye pakiti yake, imeandikwa kwa mkono, mafundo yanang'aa. Nikamuuliza kuhusu huo mng'ao, akasema ni vanishi ya kulainisha fundo lipite vizuri kwenye pete za rodi. Jibu la fundi. Nikashika tipeti kwa mikono miwili nikavuta. Ilikuwa ngumu ajabu, ilinikata kidole kabla ya kukatika. Nikafurahi! Nikampelekea na mzee wetu pakiti mbili, nikamwambia hizi ni kazi ya fundi wa kweli.

Yaliyotokea mtoni wengi wenu mlikuwepo. Mlinicheka kwamba mkono umeharibika. Mkono haukuwa na tatizo lolote. Mshipi mkuu ulikuwa unanyooka vizuri, ukifika kwenye lida nguvu inaishia hapo, inzi anaanguka juu ya mkusanyiko wa mshipi. Nilibadilisha lida, ikawa vilevile. Na yule samaki trauti wa chini ya mwamba, sitaki kumzungumzia, ila jueni kwamba hakukata tipeti. Fundo lilifunguka. Ncha ilirudi imejisokota, dalili ya fundo lililoteleza. Mzee wetu naye lilimtokea hilohilo, na hakuniambia neno, alinirudishia tu ile pakiti ya pili. Aibu hiyo siwezi kuieleza.

Nilipofika nyumbani nikazipima zote kwa mikromita yangu, kila kipande kati ya fundo na fundo. Kitako 0.40. Kinachofuata 0.40. Kinachofuata 0.40. Halafu ghafla 0.20, na tipeti 0.20. Mmeelewa? Mafundo yamefungwa kati ya vipande vya unene uleule, yapo kama vifungo vya shati vilivyoshonwa mahali pasipo na tundu. Ukiitazama lida unaona mafundo, unaamini inapungua, kumbe ina ngazi moja tu, kutoka 0.40 kuruka hadi 0.20, na fundo la hapo limemwagiwa gundi ya papo hapo ili lisionekane linateleza. Gundi ile ikishapindwapinda kwenye kurusha inapasuka, na fundo linabaki lenyewe.

Na ile tipeti iliyonifurahisha kwa ugumu, pakiti inasema 5X lakini 0.20 ni 3X. Lazima iwe ngumu! Huo ndio mtego wenyewe, kwa sababu kila mnunuzi kitu cha kwanza anachofanya ni kuvuta. Anakupa mshipi mnene kwa jina la mwembamba, unavuta, unamsifu, unamletea na wateja wengine.

Halafu fluorokaboni yenyewe haipo. Nilichukua glasi ya maji, nikakoroga chumvi hadi ikagoma kuyeyuka. Nikakata vipande vifupi, nikavisugua kwa kidole viache mapovu, nikavizamisha. Maji ya chumvi iliyoshiba yana uzito wa karibu 1.2, hivyo nailoni inaelea na fluorokaboni inazama. Vyote vilipanda juu, kitako hadi tipeti. Nikatia kipande cha fluorokaboni kilichobaki kwenye kisanduku changu, kikaenda chini moja kwa moja. Msitumie maji matupu, humo zote mbili zinazama, moja polepole na nyingine haraka, utabishana na macho yako. Na msijaribu kwa kiberiti kama nilivyoona mtu akishauri, fluorokaboni ikiungua moshi wake ni sumu.

Nilimtumia picha za mikromita na za glasi. Alisoma. Nikaona anaandika, akaacha, akaandika tena, kisha akanifungia. Hakusema hata pole.

Mnataka dalili? Ile video: picha inaruka kati ya kitako na tipeti, hamuoni lida moja ikipimwa mfululizo, na mikromita haionyeshwi ikiwa imefungwa tupu kusoma sifuri. Mng'ao kwenye mafundo. Roli alikotoa mshipi haionyeshi lebo popote, na nilipoomba jina la mshipi alisema ni siri ya kazi. Anayefunga lida kwa haki hana siri hapo, wote tunanunua roli zilezile. Nyingine nitaongeza nikitulia.

Ila siwezi kutulia. Huyu ana elimu ya kufunga lida nzuri kuliko nusu yetu, akaitumia kuibia watu walioanza jana, watakaodhani hawajui kurusha na kuacha uvuvi huu kabisa. Huyo si wa kuonywa. Atolewe kwenye kila kundi la wavuvi alilomo, leo, na wasimamizi wasiseme tusubiri upande wake, upande wake nimeusubiri na akanifungia. Arudishe pesa ya kila mtu, sihitaji lida nyingine badala yake. Asiporudisha twendeni polisi kwa pamoja, mmoja mmoja tutaambiwa ni ugomvi wa kamba za uvuvi. Na waliomsifia hadharani, nikiwemo mimi, sifa zile zifutwe.

Mimi nina pakiti zote, mazungumzo yote, risiti ya malipo na ile video. Mwenye pakiti zake ambazo hajafungua asizifungue peke yake. Apige picha ya lebo kwanza, kisha apime kila kipande huku mtu mwingine akirekodi bila kukata, anitumie vipimo. Msimwambie chochote yeye kwa sasa, asije akabadilisha namba.