Kingamwili ya pili ya kijani: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Kiswahili kimempa yule panya mdogo (mouse) na yule mkubwa (rat) jina moja, na kingamwili niliyonunua nayo haikuona tofauti. Imenigharimu wiki tatu.

Nilikuwa nasaka protini mbili kwenye slaidi moja ya seli. Kingamwili ya kwanza, yaani ile inayoshika protini yenyewe, kwa protini moja ilitoka kwa panya mdogo, kwa nyingine kwa panya mkubwa. Juu yake nikaweka za pili, zinazoshika zile za kwanza na kubeba rangi inayowaka, zote za mbuzi: ya kijani dhidi ya panya mdogo, nyekundu dhidi ya mkubwa. Chini ya hadubini, kila palipowaka nyekundu na kijani kipo. Nikafurahi, protini zangu zinaishi pamoja! Picha nikaziweka tayari kwa semina.

Mwenzangu akauliza: kontroli (slaidi ya kuhakiki) ya rangi moja moja iko wapi? Nilikuwa na kontroli moja tu, ile isiyo na kingamwili ya kwanza, nayo ilikuwa nyeusi safi, ndiyo maana sikushuku kitu. Nikaweka kingamwili ya panya mkubwa peke yake, kisha ile ya kijani ambayo haikupaswa kuigusa. Ikawaka kama taa. IgG, yaani aina ya kingamwili iliyo nyingi zaidi kwenye damu, za wanyama hao zinafanana mno.

Nikaagiza toleo lililochujwa, yaani lililopitishwa kwenye protini za wanyama wengine ili kingamwili zinazodandia zisikohusika zinaswe humo. Sasa kijani kimebaki kwenye utando wa seli na nyekundu kwenye kiini, kila moja kwake. Mng'ao umepungua kidogo, kwa hiyo kutoka kuizimua 1:1000 nimehamia 1:500, na chupa inaisha upesi.

Rangi yenyewe sina neno. Hunywa mwanga wa nanomita 495 hivi na kuutoa kwenye 519, kama rangi ya zamani ya fluoresini, ila haififii ukiwa bado unatafuta mahali pa kupiga picha. Naitunza gizani kwa nyuzi 4, na kabla ya kutumia naizungusha kwenye sentrifuji. Bila hivyo mabonge yake hujitokeza kama vinukta vinavyodanganya jicho.

Nyota nne kwa hili lililochujwa. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya lebo: neno pekee linalotofautisha chupa hizi mbili limechapwa kwa herufi za kusomwa kwa hadubini.