Ushauri wa simu kwa vijana: tulitumia 2020, maoni yangu

Kuna mama wa hapa ploti ameniuliza kama ile huduma ya ushauri tuliyotumia wakati wa korona ni ya maana ama ni kutupa pesa, nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake wacha niandike. Jina lao siweki, akitaka namba tutaonana kwa ngazi.

Shule zilifungwa Machi 2020, tukasema ni wiki chache. Kumbe! Kafyu saa moja jioni, Aprili Nairobi ikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia, kwa hivyo hata kumpeleka msichana wangu kwa nyanya yake Murang'a haikuwezekana mpaka Julai, na Julai hiyohiyo ndio marehemu Waziri wa Elimu Magoha akatangaza mwaka wa masomo umepotea, watarudia. Hapo ndio msichana wangu alizima. Alikuwa kidato cha pili. Analala hadi saa saba mchana, usiku yuko macho, nywele hachani, chakula anakisukuma tu kwa sahani, ukimuuliza ni "niko sawa". Mimi nikafikiri simu ndio inamharibu nikamnyang'anya, kosa kubwa hilo, marafiki zake wote walikuwa ndani ya hiyo simu.

Haya, huduma yenyewe. Shilingi 1,500 kwa dakika 45, unatuma kwa M-Pesa kwanza halafu mnaongea kwa video ya WhatsApp. Baba yake alikuwa amekatwa mshahara nusu, hizo ni pakiti kumi na kitu za unga jameni.

Mshauri wa kwanza simpi hata nyota moja. Alimhubiria mtoto dakika zote, tii wazazi, omba, shukuru wewe si mgonjwa. Nilisikia yote maana nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia katikati, na hapo ndipo hizi huduma za simu zinakwama, mtoto atasemaje ukweli na mama yuko hatua mbili anakaanga vitunguu? Tulijaribu kule juu kwa kuanikia nguo, upepo, watoto wa jirani, netiwaki inakatika kila dakika.

Nikapiga nikalalamika, hawakubishana, wakatupa mwingine. Huyu wa pili ndio sababu naandika. Siku ya kwanza tu aliona mtoto anajibu ndio na hapana, akamuuliza umekaa wapi, nani yuko karibu, akaelezwa, akasema basi tuandikiane. Video ikaisha hapo. Ikawa ni meseji tu, msichana amejikunja kitandani kimya anabonyeza, na mimi nikaambiwa wazi nisisome. Ilinichoma, siwadanganyi. Alimpa vitu vidogo vidogo, aamke saa ileile kila siku, asubuhi ashuke aote jua, aongee na rafiki mmoja kwa siku. Mimi nikaambiwa nirudishe simu na niache kumlinganisha na dada yake. Kama kipindi cha tano hivi nikamsikia anacheka nyuma ya pazia, nikazima jiko nisikilize vizuri. Si eti ilikuwa Panadol umeze upone, kuna wiki alirudi nyuma kabisa, na Januari 2021 shule zikifunguliwa alilia siku mbili mfululizo kabla ya kwenda.

Ubaya wao: wanachelewa kujibu, Jumatatu ndio usiseme. Netiwaki ikikata dakika zako zimeenda. Risiti mpaka uitishe. Nasikia bei sasa ni 2,500, na kama huna, 116 ni laini ya watoto, kupiga ni bure, saa 24, hata mzazi anapiga.

Nawapa tatu na nusu kwa tano. Msichana sasa ni mtu mzima, nimemsomea hii akasema ni nne, halafu akaniambia niongeze kwamba yule wa kwanza alikuwa anatafuna njugu akimhubiria.