Topping E30 na adapta ndogo ya Apple: kulinganisha DAC mbili nyumbani kwa haki

Anayetafuta kigeuzi cha sauti, yaani kile kifaa kinachopokea muziki wa dijitali na kuutoa kama umeme wa analogi, ambacho wauzaji wamezoea kukiita DAC, hukutana na sifa zilezile kila aendako: besi iliyoshiba, mwimbaji aliyesogea mbele, vyombo vilivyoachana vizuri. Nimezipima sifa hizo sebuleni kwangu kwa vifaa viwili vilivyopishana sana bei. Cha kwanza ni Topping E30, iliyotoka mwaka 2020 ikiuzwa takriban dola 130. Cha pili ni adapta ya Apple ya kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni, ambayo Marekani huuzwa dola 9. Kuhusu vifaa vyenyewe sina maneno mengi. Nitakaa zaidi kwenye namna ya kuvilinganisha, kwa maana hapo ndipo wapenzi wa muziki tunapotoa fedha nyingi bila sababu.

Kwanza kabisa ni ukubwa wa sauti. E30 hutoa volti 2 kwenye matundu yake ya RCA, yale ya kupelekea sauti kwenye amplifaya, kama zilivyo deki nyingi za CD, ilhali adapta ya Apple inayouzwa Marekani hutoa takriban volti 1, na ile ya Ulaya takriban nusu volti. Volti zikizidi mara mbili, sauti imepanda kwa desibeli 6. Kwa hiyo ukivichomeka vyote kwenye amplifaya moja na kuanza kusikiliza, E30 itakuwa imeshashinda kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Hata hivyo tofauti kubwa kama hiyo haina madhara sana, kwa kuwa kila mwenye masikio ataigundua. Inayopotosha ni ile ndogo. Kifaa kinachomzidi mwenzake kwa nusu desibeli tu hakisikiki kuwa kimepaza sauti, bali husikika kuwa kisafi zaidi na chenye uhai zaidi, na msikilizaji mwaminifu kabisa atakisifia ubora ambao hakinao.

Dawa yake ni multimita, yaani kipima umeme, hata ile ya bei nafuu ya fundi umeme. Tengeneza toni ya hezi 100 kwa programu ya Audacity, kwa sababu mita za bei nafuu hupima vizuri masafa yaliyo karibu na yale ya umeme wa nyumbani, lakini masafa yakipanda sana huanza kudanganya. Ipige toni hiyo kwa sauti ya chini, kisha pima volti za AC nyuma ya amplifaya, pale waya za spika zinapofungwa, ukiwa mwangalifu ncha mbili za mita zisigusane, maana zikigusana zinaweza kuunguza amplifaya. Usiguse kitasa cha sauti cha amplifaya hadi umalize. Shabaha ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1.2 ya volti: adapta ikisoma 0.800, basi E30 isomeke kati ya 0.791 na 0.809. E30 inaweza kupunguzwa sauti kwa rimoti yake, na kipande kidogo kinachobaki kinamaliziwa kwenye kompyuta. Wapo wanaoogopa kupunguza sauti kidijitali wakidhani muziki unaharibika, lakini desibeli 6 ni biti 1 tu, yaani tarakimu moja ya namba zinazoandika sauti, na muziki wa CD ni wa biti 16 unaopita kwenye njia ya biti 24. Nafasi ipo tele.

Baada ya hapo ni kuficha kilicho kazini. Kompyuta ya Mac inaweza kupeleka wimbo mmoja kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja kupitia programu yake ya Audio MIDI Setup, nawe ukabadilisha kwa kitufe cha amplifaya. Shida ni kwamba kifaa kimoja kinaweza kuchelewa kidogo nyuma ya kingine, na ule mruko mdogo wa mdundo unatosha kumfichulia msikilizaji siri yote, hivyo wimbo usimamishwe kabla ya kila badiliko. Anayebadilisha akae nyuma ya msikilizaji na achague kwa kurusha sarafu. Kwa majaribio 16, majibu sahihi 12 ndiyo kiwango cha chini cha kuaminika, kwani mtu anayekisia tu hufikia hapo chini ya mara 4 katika 100.

Mimi na wenzangu tulisikiliza zaidi taarabu ya Zanzibar, hasa kwa ajili ya kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ambacho kila uzi wake hudonolewa kwa ukali kisha ukafifia taratibu juu ya fidla na besi kubwa. Tulipojua kipi kinapiga, kila mmoja wetu aliisifia E30 kwa ule mfifio. Tulipofichwa, hakuna aliyefikia kiwango, hata aliyekuwa na hakika kuliko wote. Tofauti ya wazi ilitoka kwenye chaja ya kompyuta, iliyoleta mvumo wa chini uliokoma mara ilipochomolewa.

Katika E30 kazi ya kugeuza sauti hufanywa na chipu ya AK4493 ya kampuni ya AKM ya Japani. Kiwanda cha kampuni hiyo cha Nobeoka kiliungua Oktoba 2020, watengenezaji wa DAC wakalazimika kutafuta chipu nyingine, na mashabiki wakaanza kuomboleza ladha waliyoamini itapotea. Kwa nilichosikia, nisingelipia zaidi jina la chipu.

Ningelipia matundu. E30 hupokea sauti ya dijitali kwa waya wa USB, wa nyuzi za mwanga na wa koaksi, hivyo televisheni na kompyuta hukaa humo pamoja, na volti 2 zinatosha amplifaya yoyote ya nyumbani. Haiji na chaja, ila waya wa kuchomeka kwenye chanzo cha volti 5. Adapta ya Apple inamfaa mwenye kompyuta mpakato na hedifoni. Mwenye simu ya Android ajaribu kabla ya kulipa, kwani kwenye simu nyingi za aina hiyo hutoa sauti ya chini. Yangu inabaki kwenye mkoba wa kompyuta, na E30 chini ya televisheni.